Sasa

Giaboksi mbili zimelala juu ya turubai
kwenye karakana ya Gathogo, Barabara ya Kirinyaga,
kama kondoo wawili wanaongoja mnunuzi.
Ya kushoto ni yetu, imetolewa tumboni mwa kombi
iliyozaliwa mwaka mmoja na kifungua mimba wetu;
meno ya gia ya tatu yamelika.
Ya kulia imekuja kwa meli, imeviringwa nailoni,
hujibadilisha yenyewe, haiulizi mtu.

"Mama, hii ni starehe," asema Gathogo,
akiipangusa kama anayemfuta mtoto kamasi.
"Mzee ataweka D, atakanyaga mafuta, basi.
Mkono wake ule haudaiwi kitu."

Mkono wake ule.
Tangu kiharusi cha Agosti mkono wa kushoto wa Mwakio
hukaa pajani kama mgeni asiyejua atakaribishwa lini mezani.
Miguu ilirudi. Ulimi ulirudi nusu.
Mkono ukakataa,
na gia, katika nchi hii, ni kazi ya mkono wa kushoto.

Jumapili moja, Barabara ya Enterprise ikiwa tupu,
viwanda vimefungwa, harufu ya sabuni hewani,
alishika usukani, akaniambia, "Kaa hapo."
Akakanyaga klachi. Akasema, "Sasa."
Nikaisukuma fimbo kwa mkono wangu wa kulia,
gia zikasaga kama msumeno juu ya bati.
"Sasa," tena. Nikaipata ya pili.
Kufika lango la kiwanda cha rangi
tulikuwa kwenye ya tatu, tunacheka,
watu wawili, dereva mmoja.

Baadaye sikungoja neno.
Nilisikia injini ikipandisha sauti,
nikaona goti lake likijiandaa ndani ya suruali,
na mkono wangu ukawa umeshafika.
Miaka arobaini na sita ya ndoa, sikuwahi kujua
ni lini hasa mtu huyu anataka kubadilika.

Gathogo hana habari ya hayo. Anahesabu.
Ile mpya ina mafuta yake, ya bei;
milima huipanda shingo upande;
na kuteremka Mai Mahiu utaziachia breki kazi yote
mpaka zitoe moshi.
"Lakini sikufichi. Hii kuukuu ikizima Maralal,
vijana wanne wataisukuma, itawaka.
Hiyo nyingine ikizima, mtanipigia simu
na mtandao hakuna."

Mwakio yuko ndani ya kombi, ameketi ukingoni mwa kitanda,
anachemsha chai kwa mkono mmoja
juu ya jiko lililobakiwa na kichwa kimoja.
Ananiita. Maneno yanatoka moja moja,
kama sarafu kwenye kibubu kilichopinduliwa:
"Weka… hiyo mpya.
Tangu Agosti… hujatazama… dirishani."

Nami nilikuja na jibu, nimelipanga tangu South B:
irudishwe ile ya zamani,
asije akaendesha peke yake.
Hilo sikulisema.
Nilizungumzia bei.

"Bei," akasema,
akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mvua ikaanza kugonga mabati.
Vijana wa karakana wakakokota turubai ndani,
giaboksi zote mbili juu yake, zikigongana.
Chai ikafurika, ikazima moto.
Gathogo akasimama mlangoni,
spana namba kumi na saba mkononi,
akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Sasa?"

Mguu wa kushoto wa Mwakio,
pale pale kitandani, ndani ya gari lisilo na gia,
ukabonyeza sakafu.
Mkono wangu ukaenda.