Doa Jeupe la Miritini

Saa tisa za usiku kinapita juu ya Mombasa
chombo kisichohitaji mwezi wala jua.
Hakipigi picha. Kinabisha hodi.
Kinatupa wimbi, kinatega sikio:
udongo mkavu waitika kwa sauti ya chini,
udongo uliolowa waitika kwa nguvu,
na maji ya Kilindini, yakilala shwari,
yanalitelezesha wimbi liende zake,
kwenye ramani yakawa meusi kama masizi.

Mimi ndiye ninayesoma majibu.
Machi. Mvua haijanyesha tangu Desemba.
Kisauni kijivu, Changamwe kijivu,
ila doa moja Miritini, nyuma ya reli,
jeupe pe, chepechepe,
mapito matatu mfululizo.

Nikadhani ni mabati. Mabati hudanganya,
kona ya nyumba hurudisha wimbi kama mpira.
Nikadhani ni majani: jani nalo ni chupa ya maji,
hulidaka wimbi kabla halijagusa ardhi,
ukaachwa ukikisia kipi cha jani, kipi cha shamba.

Nikachukua sepeto, mikebe sita, mizani.

Nilimkuta Mbodze kainama kwenye mchicha,
leso kaifunga kiunoni,
na kati ya matuta, bomba la maji la mji
limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
likivuja polepole, kwa adabu,
kama mtu aliyeagizwa.

"Nani kakuleta?"
Nikaonyesha juu.
Akatazama mbingu, akanitazama mimi.
"Mungu?"
"Hapana. Rada."
"Afadhali angekuwa Mungu. Yeye hana ofisi."

Nilijaza mikebe kimya kimya.
Akanifungia mafungu mawili, pesa akakataa.
Nikajua nimehongwa, nikajua pia ni ukarimu,
na mkono uliopokea haukupambanua.

Jioni, kwenye tanuri la maabara, udongo wake
ulitoa harufu ya mvua ambayo haikunyesha.
Nikapima kabla, nikapima baada:
asilimia thelathini na moja.
Chombo hakikukosea.

Fomu ina safu ya mwisho: Sababu ya unyevu.
Nimeandika "chemchemi", nikafuta.
Nimeandika "bomba", nikafuta upesi zaidi.
Mchicha uko chunguni, na nazi.

Siku kumi na mbili, kitabisha hodi tena,
na udongo ule, usiojua kunyamaza,
utaitika.