Waya wa Breki ya Mkono

Kila kioo ninachofunga kina waya mmoja wa kijani
usiokwenda kwenye spika wala kwenye betri.
Huo unakwenda kwenye breki ya mkono.
Breki ikiinuliwa, picha huja.
Breki ikishushwa, picha hufa.
Ndiyo sheria yenyewe hiyo, urefu wake futi tatu,
na mkasi wa kucha unaitosha.

Karakana yangu iko nyuma ya Hessle Road, mjini Hull,
ina mlango unaokwama mvua ikinyesha,
yaani ina mlango unaokwama.

Mwanaidi alikuja Jumanne na gari la mikate,
unga umemganda kwenye nyusi.
Akatua mezani kioo cha inchi saba, bado kimo ndani ya boksi.
Nifungie hapa, akasema, kushoto kwa usukani.
Nataka kumwona mama.

Mama yake, Bi Shufaa, yuko nyumbani, ghorofa ya pili,
chini ya kamera niliyoipachika mwenyewe mwezi wa Machi.
Siku hizi huamka saa tisa usiku,
huvaa koti juu ya gauni la kulalia,
hutafuta funguo za nyumba
iliyobomolewa Tanga kabla Mwanaidi hajazaliwa.

Nikamwambia haiwezekani.
Ramani, ruhusa. Joto la injini, ruhusa.
Kamera ya kurudi nyuma, ruhusa.
Mama, hapana.
Dereva asimwone moja kwa moja, wala kwa kuakisiwa.
Ndivyo walivyoandika. Kuna mtu alikaa ofisini
akakifikiria hata kioo cha dirisha usiku,
jinsi kinavyodaka sura ya mtu na kuirudisha.
Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaongeza:
njia mbili zilimshinda fisi,
na fisi hakubeba tani moja ya mikate.

Hakucheka.
Wewe hukuzaliwa na mama? akauliza.

Sikumjibu hilo. Nilimsimulia habari za Pickersgill,
kijana wa vifurushi, aliyetaka kuona mpira akiwa kazini.
Waya wake niliukata. Nikauunga na chuma cha bodi
ili gari lidhani limesimama maisha yake yote.
Pauni ishirini, dakika nne, na mluzi nilipiga.
Mechi ilifika kwenye penalti, naye akafika kwenye kipilefti.
Yule mzee wa baiskeli hakuwa akitazama penalti.
Sasa anatembea na chuma nyongani,
na Pickersgill anapanda basi.
Mahakamani walimuuliza alikuwa akitazama nini.
Hakuna aliyeuliza nani alishika mkasi.

Mwanaidi akautazama ukutani, unaponing'inia.
Funga na waya wake, akasema. Nikafunga.

Tangu hapo mikate ya magharibi mwa mji inachelewa.
Anasimama penye duka la samaki, anainua breki, anatazama.
Anasimama nyuma ya shule. Anasimama penye taa za hospitali.
Bosi wake anajua, maana naye ana kioo chake mezani
kinachomwonyesha nukta nyekundu, gari namba nne,
imetulia dakika sita pasipo mteja.
Yeye haendeshi, kwa hiyo anaruhusiwa kuona.
Ameshamwandikia barua mbili.

Juzi usingizi ulinikataa, nikatoka kutembea.
Saa tisa na robo, mvua nyembamba ile isiyotaka mwavuli,
nikaliona gari lake kando ya njia, wipa zikifanya kazi,
uso wake umekuwa wa buluu.
Alikuwa anaongea. Dirisha limefungwa, lakini midomo niliisoma:
Vua koti, mama. Funguo ninazo mimi.
Vua koti.

Nikavuka upande wa pili asinione.
Nikasubiri mlio wa breki kushuka.
Ulichelewa.