Somo la Saba

Mabela, saa nane mchana, joto limetufungia ndani.
Mwalimu wangu kijana, dirishani kwake theluji.
Namrudisha nyuma kwa kidole, hachoki, hafoki:
"Kidole cha kwanza kilaze, ubane nyuzi zote."
Nabana. Gitaa linakohoa.

Miaka thelathini nilifunga valvu Fahud,
chuma hakikuushinda mkono huu.
Leo waya mwembamba kama unywele
umeutoa malengelenge,
kwa ajili ya roki ya kaseti za kambini.

Thuwaiba yuko jikoni, anakuna nazi.
"Hapo hapo, Muhenna. Umeharakisha tena."

Hajashika gitaa maisha yake.
Lakini mbuzi yake, kumbe,
kru-kru, kru,
kru-kru, kru,
ndiyo iliyoshika mapigo,
nami macho kwenye simu,
namfuata kijana wa theluji.