Nyuzi Kumi na Nne

Saa nne ya usiku Migosi nzima inajipepea kwa magazeti,
mimi nabeba barafu.
Chupa sita za soda, zimejaa maji, zimelala mchana kutwa
ndani ya friji ya mteja ambaye hajarudi kuichukua.
Nazipanga nyuma ya kioo, mojamoja,
kama mtu anayelaza vifaranga.

Tangi hili liliwahi kuwa la samaki.
Sasa lina kuvumwani, mawe mepesi ya Naivasha,
feni mbili nilizozing'oa kwenye kompyuta iliyokufa,
na mmea mmoja usiotaka udongo wetu.
Mwalimu Obwaka alipostaafu Maseno aliniachia.
"Fundi, wewe unaijua baridi. Huu ni wa mlima wa mbali.
Mchana utavumilia. Usiku unataka nyuzi kumi na nne.
Usiupe samadi, usiupe maji ya mfereji.
Ukiushibisha kwa mizizi, umeuzika."

Nilicheka. Mmea gani unaouawa na rutuba?
Kisha nikauona:
jani likanyoosha ncha, ncha ikawa kamba,
kamba ikavimba, ikawa mtungi wa kimo cha kidole gumba,
mdomo mwekundu wenye mbavu, na kifuniko juu
kama mlango ulioegemezwa tu,
hodi isiyohitajika.
Aingiaye hasimulii.

Usubi wa ziwani ukipanda, lile wingu linalofanana na moshi,
majirani hufunga madirisha.
Mimi nafungua.
Asubuhi nawazoa kwa kijiko waliolala chini ya balbu,
natia wawili, watatu, basi; mtungi ukivimbiwa huoza.
Na mvua ikigonga mabati natoka mbio na sufuria,
na huko nje wanasema:
fundi wa friji kaungua kompresa.

Taprandich hakusema kitu.
Mke wangu ni wa Londiani,
ambako alfajiri nyasi huvaa sakitu
na mtu huzungumza huku pumzi yake inaonekana.
Alikuja Kisumu na blanketi mbili nzito.
Ziko juu ya kabati. Hazijawahi kushuka.

Usiku mmoja wa Februari stima ikapotea.
"Tokeni zimekwisha?"
"Hapana. Ni mtaa mzima."
Feni zikasimama. Nikamulika kipimajoto kwa simu:
ishirini na mbili. Ishirini na nne.
Nikashika kichwa kama niliyefiwa.
Ndipo sauti ikatoka kitandani, polepole,
sauti ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu:
"Miaka kumi na tisa nalala ndani ya joto lako.
Nyuzi zangu mimi, nani aliwahi kuzipima?"

Sikujibu.
Kulikuwa na joto mno, hata kwa uongo.

Nikatoa chupa mbili nyuma ya kioo, nikampelekea.
Moja akaiweka nyayoni, moja akaikumbatia,
na nikasikia, gizani, pumzi yake ikishuka
kama gari lililomaliza mlima.
Sijui tulikaa hivyo muda gani.
Baadaye akainuka, akapapasa ukuta,
akairudisha ile ya kifuani mahali pake.
"Huu haujui kusema," aliniambia.
Akalowesha leso, akaitandaza juu ya tangi,
akaketi sakafuni akiupepea kwa kifuniko cha sufuria,
akiimba kitu cha kwao nisichokielewa.

Kulipokucha, mtungi mmoja ulikuwa umekauka mdomo.
Wa pili, uliokuwa umefumba tangu Krismasi,
umeinua kifuniko chake kidogo;
ndani mna maji, kiasi cha machozi ya jicho moja,
na hakuna kati yetu aliyeyatia.

Leo natoboa ukuta wa chumba cha kulala.
Nimenunua bomba la shaba, nimeazima gesi kwa Omuga.
Mwenye friji akija kuulizia mali yake,
mwambieni bado inatengenezwa.