Taa ya Saba

Jioni kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye taa kumi na tatu
zilizosimikwa kwenye vijiti ukingoni mwa Duluti,
kutoka gati la mbao mpaka pale mkuyu ulipolalia maji.
Kitambaa ni kipande cha khanga ya mke wangu.
Methali yake imekatika, limebaki neno moja: *yavuta*.

Mchana zinakula jua.
Usiku zinalitema kidogo kidogo,
kama mtoto aliyelazimishwa uji.

Wageni hulalamika.
"Mzee Nnko, hizi ni taa au vimulimuli?"
Nawaambia: simama. Hesabu mpaka sitini.
Usiitazame taa, tazama pembeni yake.
Wengi hawafiki ishirini, wanawasha simu,
na ziwa linawafungia mlango.
Anayefika sitini huuona mzizi kabla haujamkwaa,
humwona kenge akikata njia bila haraka,
kama mwenye hati ya kiwanja,
na huona maji yanapoanzia.
Kwa kweli hilo tu ndilo ninalolipwa kulionyesha:
hapa ni nchi kavu,
hapa siyo.

Mwaka juzi meneja wetu, Akundaeli,
alikodi taa kubwa ya mlingoti na jenereta lake.
Akaiwasha.
Vyura wakanyamaza kwa pamoja,
kama darasa mwalimu mkuu akiingia.
Maji yakawa bati.
Msitu wa ng'ambo ukarudi nyuma, sikuuona tena.
Asubuhi nilifagia kumbikumbi debe zima.
Lakini nisiseme uongo: si vyura waliotushindia kesi ile.
Jenereta lilikunywa lita tisa usiku mmoja,
na Akundaeli anajua hesabu.

Mwezi wa saba mlima Meru hujifunika ukungu gubigubi,
wiki nzima hautoi uso.
Taa hupata chakula cha mgonjwa.
Saa mbili zinapepesa, saa tatu zimelala.
Hapo natembea kwa nyayo:
hatua kumi na nne, taa; hatua kumi na nne, taa,
nagusa kila moja kichwani
kama mama anayehesabu watoto gizani.

Sasa nikiri.
Ya saba haikuharibika.
Niliandika kwenye daftari, "Imekufa, imeingia maji,"
na mwandiko wangu haukutetemeka.
Usiku ule mbuzi wetu alikuwa anazaa,
umeme umekatika tangu asubuhi,
Ndeshi amepiga magoti zizini, damu mpaka viwikoni,
ananipigia simu kuuliza mwanga.
Mshumaa ungeunguza nyasi.
Nikaing'oa, nikaificha ndani ya koti.
Lakini taa hizi hazijui siri.
Giza la koti likaiwasha,
nami nikapita katikati ya migomba ya watu
nikimulika kifuani kama mtu aliyemeza mwezi.
Mbwa wa akina Kaaya hawajanisamehe hadi leo.

Pacha. Wa pili mkaidi, alitanguliza miguu.
Taa iliona yote, ya njano, hafifu,
wala haikumtisha mama yao.

Nilisema nitairudisha kesho.
Kesho ikanyesha.
Keshokutwa mjukuu wangu alikuwa ameshaipa jina.

Basi ukingoni pana pengo, kati ya sita na nane,
hatua ishirini na nane za giza.
Niliogopa mtu atateleza pale.
Badala yake ndipo wanaposimama.
Hakuna anayewaambia wahesabu,
wanahesabu wenyewe, kimya,
mpaka nyota zinashuka kukaa juu ya maji.

Jumamosi, soko la Tengeru likiwa limeshafungwa,
binti mmoja mwenye mfuko wa parachichi aliniuliza,
"Babu, mlijuaje kwamba hapa pasiwekwe taa?"

Sikujibu.
Nilitoa kitambaa changu mfukoni
nikaanza kuifuta ya nane,
ambayo ilikuwa safi.