Ufa Nilioacha

Siku ya kwanza nilivuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi,
nikaning'iniza timazi, ikasema kweli yake:
hapa ukuta utasimama,
hapa ziwa litaishia
kwa Mama Awuor wa ploti ya nyuma.

Hakuja kugomba. Alikuja na uji wa wimbi,
akasimama juu ya jabali tulilokuwa hatujalichoma
(huku Riat tunawasha magurudumu makuukuu
mpaka jiwe lisalimu amri),
akaniuliza ghorofa ngapi.
Tatu, nikasema. Na tangi juu.
Akapima hewa kwa kiganja
kama mtu anayepima mtoto
anayeikimbia sare yake.
Mbili mteremko ungezimeza.
Ya tatu ndiyo ingekula maji.

"Ploti niliuza mimi," akasema.
"Karo ya Ochola, na haya mabati yangu ya kijani.
Pesa nilihesabu mwenyewe, mara mbili.
Lakini fundi, mimi niliuza udongo.
Hakuna aliyenisomea kwamba macho nayo yamo kwenye hati."

Na mwenye ploti si mtu mbaya.
Daktari Obudho: miaka ishirini ya zamu za usiku ugenini,
picha ya ziwa hili kwenye mlango wa friji.
Hunipigia alfajiri. "Shitanda, dirisha la chumbani
lielekee kusini. Nataka nikifumbua macho nione maji."
Basi wawili hawa wanapenda kitu kimoja,
na mmoja amesimama mbele ya mwenzake.

Mimi nalala Obunga, bondeni.
Hakuna anayeniuliza naona nini nikifungua mlango.
Naona kilima.
Zamani kilikuwa na nywele. Sasa kimenyolewa vipandevipande
kama kichwa chenye mapunye,
na mvua ya Aprili, isiyokuta mzizi wa kuishika mkono,
huteremka na udongo wa watu wenye hati
hadi chini ya kitanda changu.
Wao wakitazama chini, sisi ni mng'ao wa mabati kando ya maji.
Sisi tukitazama juu, wao ni taa.
Nami ndiye niliyezipandisha, jiwe kwa jiwe.
Usinihurumie. Wanangu wamekula kutoka kilima hiki.

Wiki ile ile alikuja bwana wa mipango kutoka kaunti,
buti safi. Akasoma ramani, akapiga muhuri.
Ramani ilikuwa na ngazi, choo, gereji ya magari mawili.
Haikuwa na Awuor.

Mkononi mwangu nina mwiko,
na mwiko, mnajua, ni pia lile lisilotendwa.
Miezi saba niliyabeba maneno hayo mawili katika neno moja.

Ghorofa ya tatu, kati ya ngazi na tangi, niliacha nafasi.
Futi nne. Daktari akaiona kwenye picha.
"Hiyo ni ya nini?"
"Upepo," nikasema. "Tangi likizibwa hutoa jasho."
Kimya. Kimya cha kulipiwa kwa dakika.
"Nyuma kuna nani?"
Nikamtaja.
"Aliyeniuzia?"
"Huyo huyo."
"Fanya sita," akasema, laini ikakatika.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakutuambia kitu
kuhusu ukuta ambao bila ufa
ni heri usijengwe.

Awuor amesogeza kigoda chake hatua tatu kushoto.
Ziwa lake sasa lina upana wa kanga iliyoanikwa.
Ndege ya saa nne hulikata kufumba na kufumbua,
lakini kisiwa cha gugumaji kikiingia humo
huchukua asubuhi nzima kutoka.
"Si haba," husema.
Hajasema linatosha.

Jana, chini ya ploti ya daktari, kwenye vichaka,
niliona vigingi vipya, vichwa vyekundu,
na kijana mmoja anavuta uzi.
Nilimpigia mluzi. Upepo ukaurudisha.

Nimeweka mwiko chini.
Nateremka kumuuliza ghorofa ngapi.