Mnada wa Mavuno

Baada ya baraka tulitoka nje,
na Elinisafi, mzee wa zamu, akapanda juu ya benchi
kuuza mali za Mungu:
jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba,
trei ya mayai, pungufu mawili,
debe la kahawa, maboga,
na mkungu wangu wa mshare,
mnene, utomvu wake bado u kwenye shati langu la Jumapili.

"Elfu kumi, mara ya kwanza!"

Watu walinisifu. Mkono mwepesi, walisema,
Mungu akuzidishie.
Nikainamisha kichwa.

Hawakujua mgomba ule umesimama wapi.
Masika ya mwaka juzi, mvua ilipobomoa kingo za mfongo,
niling'oa isale la mpakani usiku
nikalipanda hatua mbili mbele,
upande wa Ndealilia, mjane,
ambaye macho yake hayafiki tena mwisho wa kihamba.
Hatua mbili tu.
Nilijiambia ni za marehemu baba.

"Elfu kumi na mbili!"
Sauti nyembamba, kutoka nyuma.
Ni yeye. Alifungua fundo la kanga,
akapapasa noti moja moja,
akanunua kwa Mungu
kilichoota kwenye udongo wake.

"Baba Anaeli," akasema, "nisaidie kuubeba."

Niliubeba. Njia nzima ya Kidia nilitafuta neno.
Mlima ulikuwa umefunua kichwa,
theluji yake haina hati wala bikoni,
na maji yanashuka kutoka huko bila kuuliza shamba la nani,
yanapita kwangu, yanapita kwake,
yanafika Moshi mjini kuosha vikombe vya wasiosali.

Miaka yote nimempa Mungu fungu la kumi
kama mwenye nyumba anayemmegea mpangaji uwanja.
Nikajiita mwenyewe.
Kumbe Mwenyewe yupo,
mpangaji ni mimi,
na kodi anayodai si mkungu.

Usiku huo nilishika jembe.
Isale lilikuwa limezama mizizi; uongo nao huota,
ukiumwagilia.
Nililirudisha. Kukicha nikachuma jani lake,
nikalifunga fundo kama tuombavyo radhi huku kwetu,
nikasimama mlangoni pake na matope magotini.

Alilipapasa lile jani. Hakuuliza la nini.
"Nilijua," alisema.
"Macho yamekufa, miguu haijafa.
Kila nikienda kukata majani ya ng'ombe nahesabu hatua,
na kila mara zinapungua mbili.
Nikasema, nitamshtaki kwa nani?
Mwenye shamba anaona."

Kisha akasogeza kigoda,
akapakua kiburu cha mshare ule ule.

"Kaa ule. Kinapoa."

Nikala. Chumvi ilikuwa kidogo,
sikuomba nyingine.